Barua za Bibi Amparo

Nzomo alijifunza Kihispania akiwa na miaka thelathini na tisa, katika ofisi ya mabati nyuma ya steji ya Kitengela, kwa kitabu kisicho na jalada. Wanaume wa rika lake mjini pale walikuwa wakijifunza mambo ya maana: kuchonga mawe ya machimbo, kuendesha lori, kuuza viwanja ambavyo havikuwa vyao. Yeye alikaa dirishani akinong'ona como, comes, come. Gakuru, fundi wa viatu aliyekuwa na kibanda mbele ya ofisi hiyo, alikuwa akimsikia, na siku moja alimuuliza kama ameamua kuwa padri.

Haikuwa wazimu, ilikuwa kazi. Mwaka wa 1997 shirika dogo lililosaidia shule za upande wa Kisaju lilipata wafadhili wapya kutoka Hispania. Chakula na madawati vilikwenda shuleni kwa jumla, lakini kila mfadhili alipewa jina la mtoto mmoja, na kila mfadhili alitaka barua. Hakuna aliyejua lugha yao. Virginia, meneja, mama mwenye miwani na asiyependa kurudia maneno, aliwakusanya wafanyakazi wake watatu akauliza nani ataweza kubaki jioni ajifunze. Dereva alicheka. Mpishi akasema ana watoto wa kuogesha. Nzomo, karani, aliinua mkono, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyekuwa akimngoja nyumbani.

Zamani alikuwepo. Kalunde, mkewe, aliondoka mwaka wa tisini na tano pamoja na binti yao Mukai, aliyekuwa na miaka miwili, akarudi kwao Mwingi. Hakupiga kelele wala hakuvunja sahani. Alikunja nguo, akamwambia mumewe kwamba kuishi naye ni sawa na kuishi na kabati, akaenda. Nzomo aliandika barua mwaka mzima na hakujibiwa hata moja. Baada ya hapo alibaki katika chumba chake cha kupanga upande wa machimbo, chumba kilichoingia vumbi jeupe hata ukifunga dirisha, na akazoea kutosema kitu tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi.

Kitabu kile kilimshangaza. Kiingereza kilimpiga viboko shuleni miaka minane na hadi leo hawajaelewana. Kihispania kilimjia kama jirani. Mhispania, kama sisi, hana haja ya kutaja "mimi" kando ndipo ijulikane ni yeye aliyekula. Sisi tunambandika mtu mbele ya kitendo: ninakula, unakula, anakula. Wao wanambandika mkiani: como, comes, come. Geuza mkia, umegeuza mtu, basi. Mwingereza husema yeye ni mwenye njaa, utadhani njaa ni kabila lake. Mhispania husema tengo hambre, nina njaa, niko nayo hapa mkononi na kesho huenda nisiwe nayo. Halafu wana "kuwa" mbili, jambo linalowatoa jasho Wazungu wengine, na Nzomo alizielewa kwa mkupuo mmoja. Soy Nzomo, mimi ni Nzomo. Estoy en Kitengela, niko Kitengela. Ni nani kati yetu asiyejua tofauti ya "ni" na "niko"? Siku aliyogundua hilo alicheka kwa sauti, akageuka amwambie mtu. Ofisi ilikuwa tupu.

Alifika somo la kumi na nane akasimama. Somo la kumi na tisa lilianza vitenzi vya wakati uliopita, na vilikuwa na mikia iliyopindapinda ovyo, kila kitenzi na tabia zake. Nzomo alijiambia kwamba watoto huongea ya leo. Nina mbuzi. Naenda shule. Ninakupenda. Sentensi za namna hiyo zilitosha kwa watoto sitini, na hakuna mfadhili aliyelalamika.

Kila Jumatano alikwenda shuleni Kisaju. Mtoto alikaa mbele yake, akasema mawili matatu, akachora ng'ombe au nyumba, na Nzomo akayaweka maneno yake kwa Kihispania chini ya mchoro. Miongoni mwao alikuwepo Nasieku, wa miaka minane, binti ya mfugaji mmoja aitwaye Katoo. Nasieku alikuwa msemaji. Siku ya kwanza alimwamrisha Nzomo aandike kwamba ana mdogo wake mlafi, kwamba mbwa wao ana jicho moja, na je, huko kwenu mbwa wana macho mangapi?

Mfadhili wake aliitwa Amparo, mjane wa miaka sabini na moja, wa kijiji cha milimani kaskazini mwa Hispania. Wafadhili wengine waliandika kurasa ndefu zilizojaa vitenzi vya jana na juzi, na Nzomo alizipasua kwa kamusi mpaka kichwa kikauma. Amparo aliacha shule akiwa na miaka tisa. Aliandika alivyoongea. Hoy nieva. No salgo. La gallina no pone. Leo theluji inaanguka. Sitoki. Kuku hatagi. Nzomo alisoma barua ile ya kwanza mwanzo hadi mwisho bila kufungua kamusi, akaisoma tena, kisha akainua kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya soko la watu asiowajua.

Krismasi ya mwaka wa tisini na nane Amparo alituma zawadi ya ziada, na kwa zawadi hiyo Nasieku akanunuliwa kondoo jike. Wiki iliyofuata Katoo mwenyewe aliingia ofisini, mrefu, shuka begani, akakaa bila kukaribishwa.

"Sopa, mwalimu," alisema. Kwake yeye kila mtu mwenye kalamu alikuwa mwalimu.

"Epa, mzee."

"Huyo mama ya Spain amenipa kondoo. Sasa mimi na yeye tumekuwa Paker. Yeye asiniite Katoo tena, na mimi siiti yeye jina. Paker na Paker. Mwambie hivyo."

Ndivyo ilivyo kwa Wamaasai. Mtu akikupa kondoo, kuanzia siku hiyo mnaitana Paker, jina linalotokana na kondoo huyo, hadi mmoja azikwe, na si jina la mzaha: ni undugu, na unadai adabu. Nzomo alieleza hayo kwa sentensi fupi sita. Amparo alifurahi kupita kiasi. Tangu hapo kila barua yake kwa Nasieku ilikuwa na mstari mmoja wa baba: Querido Paker, ¿cómo está la oveja? Mpendwa Paker, kondoo hajambo?

Kisha mvua ikakataa. Mwanzoni mwa mwaka wa 2000 nchi yote kuanzia Kisaju hadi Namanga ilikuwa nyekundu, na ng'ombe walianguka mmoja mmoja kando ya barabara. Katoo akaja tena ofisini, safari hii amekonda, na hakukaa.

"Tunahama, mwalimu. Tunapita Namanga, tunaenda kule Tanzania penye nyasi. Nasieku anaenda na sisi. Sasa sikia neno ya Paker. Kondoo yake iko hai, imezaa mara mbili. Sisi hatujamkimbia. Mvua ikirudi, tunarudi. Sema vile nimesema."

Nzomo alirudia neno kwa neno. Katoo alitikisa kichwa kuridhika, akampa mkono, akatoka.

Sheria ya shirika ilikuwa fupi. Mtoto aliyehama alifutwa katika muda wa mwezi mmoja, na mfadhili wake alipewa mtoto mwingine, mara nyingi wa mkoa mwingine wenye ofisi nyingine na karani mwingine. Nzomo aliijua vizuri, ndiye aliyeipiga taipu, na orodha ya watoto aliishika yeye. Akituma neno la Katoo, Amparo hatamwandikia tena.

Aliliandika neno lile kwenye karatasi, akalikunja mara nne, akalitia kwenye droo chini ya bahasha. Ijumaa ile akaandika: Querida Amparo, estoy bien. Hace calor. La oveja está bien. Sijambo, kuna joto, kondoo hajambo. Kisha akashika penseli kwa mkono wa kushoto akachora kondoo, ili miguu itoke imepinda kitoto. Alijiambia ni barua moja tu, mpaka mvua inyeshe. Mvua ilinyesha, Katoo hakuonekana, na barua moja ikawa mbili, zikawa kumi. Aliendelea hivyo miaka mitatu.

Tusimpambe. Aliiba. Hakuiba shilingi wala blanketi, lakini Mmaasai alimkabidhi neno akalifungia. Alijua hivyo kila alipofungua droo kutafuta bahasha, na alijifunza kuifungua nusu.

Na bado, Mungu amsamehe, ile ndiyo miaka aliyokuwa na furaha. Aliandika kuhusu Nasieku lakini moyoni alimwona Mukai, ambaye hakujua hata sura yake ya sasa. Msichana wa barua zile aliogopa radi, alipenda uji wa mtama, alijifunza kuruka kamba. Jino la mbele lilimtoka. Amparo naye aliandika zaidi na zaidi, kwa vile mtoto hahukumu. Mi hijo no llama. Mwanangu hapigi simu. Hablo con la gallina. Naongea na kuku. Saa saba mchana Nzomo alikwenda hoteli ya Akoth, akaketi meza ya mwisho inayotazama ukuta, akaiegemeza barua kwenye jagi la maji na kula maharagwe yake akiisoma. Akoth aliwaambia wateja yule ni mtu wa mitihani, wasimsumbue.

Mwaka wa 2003, asubuhi ya Jumanne, mtu alisimama mlangoni akaziba mwanga. Nzomo aliinua macho.

"Sopa, mwalimu," alisema Katoo. Nywele zilikuwa zimeota mvi. "Tumerudi. Nasieku amekuwa mkubwa, amerudi darasa, anakaa na watoto wadogo anawapita kichwa. Kondoo ya Paker sasa ni kumi na moja." Alikaa, akaweka fimbo kati ya magoti, akatabasamu. "Haya. Paker alisema nini?"

Nzomo angeweza kudanganya. Ilikuwa rahisi sana, mtu mwenyewe hakujua kusoma, na alikuwa tayari kufurahi. Alifungua mdomo aseme kwamba Paker aliwatakia safari njema. Lakini uso ule ulikuwa umekaa miaka mitatu ukingojea jibu, na Nzomo, aliyejua kungojea jibu ni kitu gani, alishindwa.

"Sikutuma," alisema.

"Hukutuma nini?"

"Neno lako. Sikulituma, mzee. Niliandika barua kama Nasieku. Huyo mama anajua Nasieku yuko hapa siku zote. Hajui mlihama."

Nje Gakuru aligonga msumari kwenye soli, akagonga mwingine.

"Kwa nini?"

Nzomo alitafuta sababu za kiofisi, akazikuta zote zimekwisha. "Nilikuwa naogopa hataniandikia tena."

"Hakuwa anaandikia wewe."

"Najua."

Katoo hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Nzomo kuliko matusi. "Mtu akinipa mnyama halafu mimi nahama bila kumwambia, huyo si mtu, ni mwizi," alisema. "Miaka tatu umenifanya hivyo na mimi sijui. Toa karatasi. Andika sasa. Mimi nakaa hapa."

"Mzee, mambo ya zamani kwa hii lugha sikusoma. Nilifika ya leo peke yake."

"Mimi sikuulizi darasa."

Basi akatoa karatasi. Alidhani sentensi hazitapatikana, kumbe zilikuwepo zote, alizijua tangu miezi ya kwanza. Nasieku no está aquí. Nasieku hayuko hapa. Hace tres años que no está. Huu ni mwaka wa tatu hayuko. Hoy sí está. Leo yuko. El padre tiene un mensaje. Baba ana ujumbe. Yo tengo el mensaje en el cajón. Mimi nina ujumbe huo kwenye droo. Yo escribo las cartas. Mimi ndiye ninayeandika barua. Me llamo Nzomo. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanakili neno la Katoo lote, kuanzia kondoo aliye hai hadi mvua ikirudi, akaongeza kwamba leo kondoo ni kumi na moja. Kisha akamsomea Katoo kila sentensi kwa Kiswahili, na Katoo akatoka bila kumpa mkono.

Mchana ule alimpelekea Virginia barua hiyo pamoja na tafsiri ya kweli. Virginia alisoma, akavua miwani.

"Nzomo, umenifanyia nini?"

Virginia alisema kuanzia sasa barua zote za Hispania zitatafsiriwa Nairobi. Nzomo atashika stoo ya blanketi na madaftari. Hii ya Amparo aimalize, kwa kuwa ameianza, ikija ya kujibu aijibu, na hapo basi.

Jibu lilichukua wiki tisa. Nzomo alikula kwa Akoth akitazama ukuta, jagi likiwa halina kitu cha kuegemea, na mlo ulikuwa mrefu sasa, haukuisha. Alihesabu mablanketi. Alimkumbuka kuku wa Amparo, akajiuliza kama bado anataga, na akajua hana haki tena ya kuuliza. Upweke aliokuwa nao kabla ulikuwa kama vumbi la machimbo, aliuzoea. Huu wa sasa ulikuwa mpya na ulikuwa na jina la mtu.

Bahasha ilipofika ilikuwa imeandikwa Paker. Nzomo hakuifungua. Alituma salamu Kisaju kwa mwenye gari la maziwa, na siku ya tatu Katoo akaja, akakaa kwenye kiti kile kile. Nzomo akapasua bahasha mbele yake, akaanza kutafsiri kwa sauti.

"Mpendwa Paker. Nina hasira. Nina hasira sana, na nina furaha. Kondoo kumi na moja ni wengi kuliko watu wa kijiji changu wanaokuja kanisani."

Katoo alicheka kwa kishindo, akapiga goti. "Hiyo ni Paker kweli! Endelea."

"Mimi najua mapema kwamba kuna kitu. Mtoto wa miaka kumi na mbili hang'oki meno ya mbele. Lakini sisemi. Napenda barua, kwa hiyo sisemi. Mwambie Nasieku aniandikie mwenyewe sasa, kwa mkono wake, hata kama ni ng'ombe tu."

Ilikuwa imebaki mistari mitatu. Nzomo aliisoma kwa macho, akaanza kuikunja karatasi.

"Bado kuna maandishi," alisema Katoo. "Mimi sijui kusoma, lakini naona wino."

"Ni mambo mengine, mzee."

"Ni barua yangu."

Ilikuwa kweli. Nzomo aliikunjua. "Anauliza," alisema. "Anauliza, na huyo mtu ni nani. Ana familia? Anakula na nani?"

"Mtu gani?"

"Mimi."

Katoo aliegemea nyuma. "Anakuuliza wewe?"

"Hapana. Anakuuliza wewe."

"Basi andika, nimjibu." Katoo alifikiri, mkono kwenye fimbo. Siku ile alipotoka bila kutoa mkono, alikuwa ameketi kwa Gakuru akitengenezewa kandambili, akauliza habari za mtu huyu, na Gakuru hakuwa mtu wa kuficha habari za wengine. "Sema, ni Mkamba, ametoka mbali. Bibi alienda. Iko na mtoto msichana, lakini mtoto hamjui. Sema, anakula kwa hoteli peke yake, anaangalia ukuta. Mimi nimepita nimeona. Sema, huyu mtu hana mtu."

Kalamu haikusogea. "Mzee, hii si lazima. Tumwambie tu mimi ni karani."

"Nimesema uongo?"

Nzomo alitazama meza. "Hapana."

"Paker ameuliza. Andika."

Akaandika. Es un hombre de lejos. Su mujer no está. Tiene una hija y la hija no lo conoce. Come solo. No tiene a nadie. Sentensi tano, zote za wakati uliopo, bila kosa hata moja, na zilikuwa za mwisho atakazoandika katika lugha ile kama karani wa mtu.

"Soma nisikie," alisema Katoo.

Nzomo akasoma kwa Kihispania, haraka.

"Hapana. Ya kusikia mimi."

Hapo ikabidi ayaseme kwa lugha anayoielewa kila mtu, mchana kweupe, kwa sauti yake mwenyewe. "Ni mtu wa mbali. Mke wake hayupo. Ana binti, na binti hamjui. Anakula peke yake." Akaishia hapo, imebaki sentensi moja. Nje Gakuru alikuwa ameacha kugonga. Katoo alingoja, hakumsaidia wala hakumhimiza, mpaka Nzomo akaimaliza. "Hana mtu."

"Ndiyo," alisema Katoo kwa upole. "Hivyo ndivyo iko."

Akavuta kibweta cha wino wa mihuri kilichokuwa mezani, akabonyeza kidole gumba, akakipiga chini ya maneno yale ili Paker ajue kwamba safari hii ni kweli.